Kazi, ajira na deiwaka: teknolojia inagusa kipi?

Kuna steshenari moja Mwenge, Dar es Salaam, ambayo bango lake la zamani limefifia hadi inabidi ulisogelee: TUNACHAPA BARUA, CV, RIPOTI, KADI ZA HARUSI. Chini yake imebandikwa karatasi mpya iliyoandikwa kwa kalamu nene: Tunajaza fomu za mtandaoni, Ajira Portal, mkopo wa chuo, NIDA, TIN. Siku moja nilikuwa pale nasubiri kopi zangu, akaingia kijana mmoja, shati limenyooshwa vizuri, simu mkononi.

"Dada, nitolee hii tu. Ilishachapwa."

Ilikuwa barua ya kuomba kazi, imeandikwa na ChatGPT, ile programu ya akili unde (AI), wala hakuficha. Dada akaipokea kwa WhatsApp, akaipitisha macho kabla hajabonyeza, akaguna. "Kaka, hapa umeacha 'weka jina la kampuni'. Sasa kazi unamwomba nani?"

Kisha akaanza kuinyoosha. Anwani ya mwombaji ikapanda juu kulia, S.L.P. ikakaa mahali pake, tarehe ikafuata, na katikati kwa herufi kubwa ikaingia YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA STOO. Sentensi ya kwanza ilisema "Natumaini barua hii inakukuta vyema." Hiyo aliifuta yote. "Hii ni barua ya kazi, si ya mchumba." Kutoa ukurasa mmoja pale ni shilingi 200. Kijana alilipa 2,000 bila kubisha.

Nimeondoka na ile 1,800 ya ziada kichwani. Mashine ilikuwa imeshaifanya kazi ya dada yule, kuchapa barua, na bado dada amelipwa, tena zaidi ya alichokuwa akilipwa kwa kuchapa. Lakini mimi ni mfasiri, na upande wangu mambo yamekwenda kinyume chake. Mteja mmoja niliyemzoea, ambaye zamani alinitumia nyaraka nitafsiri, siku hizi hunitumia tafsiri iliyokwisha kutoka mashineni na kuniomba "nipitie tu", kwa nusu ya bei. Kupitia tu! Kuna kurasa ambazo kuzinyoosha kunanila muda kuliko kuziandika upya. Teknolojia ni ile ile, mji ni ule ule, mmoja kapanda na mwingine kashuka. Kwa nini?

Swali tunalolisikia kila siku, kwamba eti akili unde itamaliza kazi, haliwezi kujibu hili, kwa sababu limefungwa fundo kwenye neno lenyewe la kazi. Ukikaa kijiweni Dar utasikia mtu akisema "kazi ninazo, ajira ndiyo sina", na kila mtu anamwelewa. Kazi ni jasho. Ajira ni mkataba, mshahara, likizo, mchango wa NSSF. Kibarua ni cha leo. Deiwaka ni yule anayeshika usukani wa daladala kwa siku moja, dereva wake wa kudumu akiwa amepumzika. Na ndani ya kila kimojawapo kuna shughuli ndogondogo ambazo hazina jina. Teknolojia haivigusi hivi vyote kwa pamoja, wala kwa namna moja.

Tuanze na shughuli, maana ndipo mashine inapoingilia. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walizichambua aina 702 za kazi za Marekani wakasema asilimia 47 ya ajira nchini humo ziko kwenye hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Namba hiyo ikasafiri dunia nzima, na mpaka leo hutajwa kwenye makongamano kama vile ni utabiri wa mvua. Miaka mitatu baadaye watafiti walioandika kwa ajili ya OECD, ule umoja wa nchi tajiri, wakalitazama swali hilo hilo na kupata asilimia 9. Kutoka 47 hadi 9 hakukutokea muujiza wowote. Wa kwanza waliihesabu kazi kama kitu kizima: karani yupo au hayupo. Wa pili waliifungua kazi ya mtu mmoja mmoja wakaangalia anafanya nini kutwa, wakakuta kwamba hata karani ana saa za kumtuliza mteja mwenye hasira, kulitafuta faili lililopotea, na kujua kwamba bosi akisema "kesho" ana maana ya wiki ijayo. Mambo hayo mashine haiyamudu.

Mfano unaopendwa na wachumi ni wa benki. ATM ya kwanza ilizinduliwa na Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, Juni 27, 1967. Ungedhani makeshia walikuwa wamehesabiwa siku zao. Mchumi James Bessen alipozifuatilia takwimu za Marekani alikuta kwamba kati ya 1988 na 2004 tawi la kawaida la mjini lilipunguza makeshia kutoka 20 hadi 13, lakini kwa kuwa tawi lilikuwa rahisi zaidi kuliendesha, mabenki yalifungua matawi kwa zaidi ya asilimia 40, na jumla ya makeshia haikuanguka. Keshia akaacha kuhesabu noti, akawa wa kufungua akaunti na kuuza mikopo. Wanaoipenda hadithi hii huikatisha hapo. Mimi naendelea nayo: simu ilipokuja kufanya na hayo mengine, mtu akawa hana sababu ya kuingia benki kabisa, na idadi ya makeshia Marekani ikaanza kushuka. Mashine inayochukua kipande cha kazi inaweza kuikuza kazi yenyewe. Inayoondoa sababu ya mteja kuja ni habari nyingine.

Hapa kwetu hadithi hiyo tumeitazama ikipita kona ya mtaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na muuza vocha za kukwangua, meza yake ndogo na mwavuli wa rangi ya mtandao wa simu. Mwaka 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa, mwenye meza akaweka kibanda, akawa wakala, vocha zikawa si biashara tena. Alichokuwa anauza kimsingi ni noti: wewe una pesa kwenye simu, unataka za mkononi, yeye anazo. Ndiyo maana tukapata ule usemi wetu, "nitumie elfu kumi na ya kutolea." Sasa angalia kinachomjia. Duka la dawa lina lipa namba. Mama wa genge ana lipa namba. Pesa ikiingia kwenye simu na kutoka kwenye simu bila kugusa mkono, ya kutolea haipo, na kamisheni ya wakala inategemea noti ziwekwe na zitolewe. Wakala anayeliona hili ameshaanza kusajili laini, kuuza vifuniko vya simu na kulipia watu umeme na ving'amuzi. Asiyeliona analalamika kwamba mtaa umekufa.

Usidhani pia njia hiyo ni ya kunyooka. Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, na watu wakarudi kubeba noti mifukoni, wengine wakimpa dereva wa basi la mkoa bahasha ya kupeleka kijijini. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa hiyo mtu akikwambia teknolojia ni mafuriko hayazuiliki, mkumbushe kwamba yetu hii ilipunguzwa kasi na jedwali la makato.

Mkanganyiko mwingine ni wa nani hasa aogope. Tumelelewa kuambiwa "soma ukae ofisini", na kwa miaka mingi ushauri ulikuwa sahihi, kwa sababu mashine zilizotangulia zilichukua misuli. Hizi za sasa zinachukua maandishi. ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, na ndugu zake, zimefunzwa kwa maandishi mengi kupita kiasi ili kukisia neno gani linafuata, kisha linalofuata, kisha linalofuata. Hazijui kwamba jambo ni kweli, zinajua kwamba linafanana na yanayosemwa. Na kwa kuwa maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza, barua zao za Kiswahili zina harufu ya Kiingereza kilichovaa kanzu. Hilo la kukukuta vyema ni mfano. Hata hivyo kwa dokezo la kikao, muhtasari wa ripoti au majibu ya wateja, zinatosha. Mwezi Agosti 2023 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba kazi za ukarani ndizo zilizo wazi zaidi: asilimia 24 ya shughuli zake zinaguswa sana na akili unde ya aina hii, na asilimia 58 nyingine zinaguswa kwa kiasi cha kati. Na kwa kuwa wanawake wamejaa zaidi kwenye ukarani, hasa katika nchi za kipato cha juu na cha kati, wao ndio wanaoguswa zaidi.

Sasa mpeleke roboti Kariakoo. Mwambie atoe marobota ya vitenge kwenye lori, apite nayo Mtaa wa Kongo saa sita mchana, awakwepe wamachinga waliotandaza chini, ampishe mama mwenye ndoo kichwani, asiibiwe, afike stoo ya ghorofa ya pili ambayo lifti yake ni mgongo wa mtu. Wataalamu wa roboti wanalifahamu jambo hili tangu miaka ya 1980, na limepewa jina la mmoja wao, Hans Moravec: yanayomshinda binadamu, kama hesabu ndefu, kwa mashine ni rahisi, na yanayofanywa na mtoto wa miaka mitano bila kufikiri, kama kutembea kwenye umati, ndiyo magumu. Fundi bomba wa Manzese anayeingiza mkono chini ya sinki asiloliona yuko salama kuliko kijana mwenye tai pale Posta. Sijui kama wazazi wetu wako tayari kuisikia sentensi hiyo.

ILO hao hao walikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 0.4 tu ya ajira zinazoweza kuchukuliwa na akili unde, dhidi ya 5.5 katika nchi tajiri. Wengi huishia hapo na kupumua. Namba inayonivutia mimi ni ile ya pili: ajira zinazoweza kusaidiwa, mtu akafanya zaidi na vizuri zaidi, ni asilimia 10.4 kwa nchi maskini na 13.4 kwa tajiri. Tofauti ya hasara ni kubwa, tofauti ya faida ni ndogo. Lakini faida hiyo inadai umeme na intaneti, na Mei 2024 tuliona wenyewe, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, ofisi za Dar zikakaa zikitazamana. Hasara ya kuchelewa kwetu haitatangazwa na mtu, maana hakuna atakayefukuzwa kazi. Tutabaki tu tukifanya kwa siku tatu kinachofanywa kwingine kwa saa moja.

Nirudi kwenye deiwaka, maana hapa ndipo Dar inaweza kuufundisha ulimwengu. Kinachoitwa huko nje kazi ya siku zijazo, yaani kufanya kazi bila mwajiri, kulipwa kwa kipande na kujibeba ukiumwa, ndicho dereva wa daladala na wa bodaboda wamekijua miaka yote. Una hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kumpelekea mwenye chombo jioni, kinachozidi ni chako. Aplikesheni za usafiri zilipoingia mjini, Uber ikiwa imeanza Dar mwaka 2016, madereva wengi waliziona kama tajiri mpya anayeleta abiria hadi mlangoni. Na kweli analeta. Tofauti inaonekana siku mambo yakiharibika. Tajiri wa zamani ukimpigia, "Tajiri, leo mvua imenyesha tangu asubuhi, hesabu haijatimia," atafoka, atatukana kidogo, halafu atapokea nusu na kukwambia nyingine mtaimalizia Ijumaa. Aplikesheni inapanga bei, inapanga makato, inahesabu nyota ulizopewa na abiria, na ikikufungia akaunti hakuna wa kumfokea. Hesabu ya tajiri ilikuwa na mlango wa kuingilia, hata kama ni mwembamba.

Serikali ilijaribu kuufungua. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, iliweka nauli elekezi na kuamuru makato ya kampuni kwa dereva yasizidi asilimia 15. Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake nchini ikisema biashara hailipi. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na mwanzoni mwa 2023 ikarudi. Unaweza kusoma tukio hilo kama ushindi wa kampuni au kama mnada wa kawaida. Ninachokiona mimi ni kwamba ile asilimia haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka kwenye mvutano wa watu, na dereva hakuwa na kiti mezani kinachotosha.

Na hilo ndilo jibu la ile 1,800. Mashine ilipochukua kipande cha kuchapa, kwa dada wa Mwenge na kwangu kilibaki kipande kinachofanana: jicho la kuona kosa. Yeye anakipangia bei mwenyewe, mteja amesimama mbele yake na ameuona upungufu kwa macho yake. Mimi kipande changu kinapangiwa bei na mtu anayeamini kazi imekwisha. Jirani zetu Nairobi walikiuza chao kwa bei mbaya zaidi: mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba vijana waliokuwa wakisoma na kuweka alama kwenye maandishi ya kutisha, ili kuifunza mifumo ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Akili unde ina mikono mingi ya watu nyuma yake. Kwa hiyo kampuni ikikutangazia mfumo mpya, kabla ya kuuliza utachukua kazi yangu au la, uliza kipande kitakachobaki kinalipwa na nani, kwa bei iliyopangwa na nani.

Mwenye ajira rasmi ana pa kuulizia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazitambua sababu za kiteknolojia kuwa moja ya mahitaji ya uendeshaji yanayoweza kupunguza wafanyakazi, lakini inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pasipo na chama, kabla ya kuamua. Ukiletewa barua siku ambayo mfumo umeshafungwa na meza yako imeshahamishwa, mashauriano hayakuwepo, na una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiinua mgongo cha lazima, hata hivyo, ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyetumikia miaka 25 analipwa siku 70. Kiwango hicho kinafaa kama tunaamini atapata ajira nyingine ndani ya miezi miwili na ushee. Deiwaka hana hata hizo 70.

Kilichobaki ndicho kinachonikosesha usingizi, nacho hakimo kwenye sheria yoyote. Ofisini kwetu mtu huanza kwa kujitolea. Analetewa risiti aziingize kwenye Excel, anaandika muhtasari wa kikao, anapanga mafaili, anatumwa benki. Ni shughuli za kuchosha, na ndizo za kwanza kukabidhiwa mashine, kwa haki kabisa. Lakini ndizo zilizokuwa zikimfunza mhasibu kuinusa risiti ya uongo. Mzoefu akiwa na akili unde anafanya kazi ya watu watatu. Wale wawili walioondoka hawakufukuzwa, hawakuajiriwa tu, na hivyo hawamo kwenye takwimu yoyote ya waliopunguzwa. Tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu, na mahali pa kuupatia pameingia kwenye kompyuta.

Nilipita tena Mwenge juzi kutoa mkataba. Dada alikuwa na binti anayemfunza, mtoto wa dada yake, amemaliza kidato cha nne. Mteja alileta barua ya simu kama yule kijana, binti akaitoa kama ilivyo, haina YAH wala S.L.P. Dada akairudisha.

"Mama mdogo, wewe ulijuaje inakaa wapi?"

Akafikiri kidogo. "Nimechapa barua za watu miaka tisa."

Binti hajawahi kuletewa hata moja ya kuchapa. Basi saa nane, wateja wakipungua, dada anafungua boksi la nakala za zamani lililo chini ya meza, anampa tatu, na binti anazichapa upya neno kwa neno. Akimaliza, wanazifuta.